Je, Wajua? Nani Atamlisha Mzee wa Kesho

Mbukwenyi! Hiyo ndiyo salamu ya Wagogo, na ukishuka stendi ya Dodoma ukashindwa kuiitikia, bodaboda anajua papo hapo kwamba umeletwa mjini na kikao. Safari hii tumepiga kambi uwanda wa kati, kuanzia Kongwa hadi Igunga, tukifuatilia swali ambalo mgombea halipendi na mpiga kura halipendi vilevile: serikali ikiahidi kumtunza mgonjwa, mzee, mjane na mtoto, fedha inatoka mfuko wa nani, na itaendelea kutoka mpaka lini?

Je, wajua kwamba Kongwa iliwahi kupangiwa kazi ya kulisha dola ya ustawi ya Waingereza? Mwaka 1945 chama cha Labour kilishinda uchaguzi Uingereza kwa ahadi ya kumtunza raia tangu anapozaliwa hadi anapozikwa, na Julai 1948 matibabu ya bure yakaanza nchi nzima. Tatizo likawa sufuria. Watu waliotibiwa bure walikuwa bado wanapimiwa mafuta ya kupikia kwa kadi, kwa sababu vita vilikuwa vimewaacha hoi kifedha. Serikali hiyohiyo ikaja na dawa: karanga za Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3 za pori zilimwe kwa mashine, na Kongwa iwe kituo cha kwanza. Kazi ilianza 1947.

Matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, yaliikuta mibuyu na yakakatika meno. Udongo wa Kongwa ukilowa ni tope la kunasa gari. Ukikauka unashika kama saruji, na karanga zinabaki humo ndani hazichimbuliki. Mvua nayo ikaja kama inavyokuja Ugogo siku zote, yaani inapotaka. Kuna msimu ambao karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizonunuliwa. Januari 1951 mradi ukafutwa, na mlipakodi wa Uingereza akabebeshwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mgogo yeyote wa makamo angewaambia habari ya mvua ile bila kudai hata kikombe cha chai.

Je, wajua kwamba pensheni ya uzee iliyowekwa kwa sheria ya taifa zima ilianzia Ujerumani mwaka 1889, chini ya Bismarck, wakati nchi hiyo imeshaanza kujitwalia pwani na bara letu? Mfanyakazi alianza kuipata akifikisha miaka 70. Waliofika hapo walikuwa wachache, na hazina ya Mjerumani haikutoka jasho. Reli yao ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, vibarua waliobeba mataruma hawakuwa na fungu katika sheria hiyo.

Je, wajua kwamba Wagogo walikuwa na hifadhi ya jamii isiyo na ofisi wala fomu? Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizi moja. Aliwagawa: watatu kwa shemeji upande wenye malisho, wawili kwa rafiki wa mbali, wengine kwa mjomba. Aliyepokea alikunywa maziwa na kupata samadi. Mwenye mali alilala akijua kwamba ukame au maradhi yakipiga bonde moja, bonde jingine litabakiza kitu. Mtaalamu wa mila Peter Rigby aliyaandika mambo haya kwa urefu katika kitabu chake cha 1969 juu ya ng'ombe na undugu wa Kigogo. Ukiondoa lugha ya kitaalamu, ilikuwa bima kamili: mchango, mtandao wa wanachama, na fidia. Ofisa wa mfuko alikuwa undugu, na undugu haufungi dirisha saa tisa na nusu.

Sasa ona bima hiyo ilivyovunjika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi; Waingereza walipowafukuza, wakachukua vilivyobaki. Zizi la shemeji lilikuwa tupu kama la mwenye mali, kwa kuwa mchukuaji alipita mabonde yote. Mvua zilipokosekana ikaingia njaa ambayo Wagogo wameibandika jina la Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox anaeleza kwamba katika Wagogo wapatao 150,000 walikufa kiasi cha 30,000. Mtu mmoja kati ya watano. Hifadhi ya jirani kwa jirani huhimili balaa la kaya moja au kijiji kimoja. Likija linalowapiga wote siku moja, hakuna wa kumkimbilia, na hapo ndipo maana ya akiba ya taifa inapoonekana.

Je, wajua kwamba Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili? Miezi saba iliyobaki ni ya kula ulichoweka. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yaliyoko Kizota, pembeni mwa mji, ni jibu la serikali kwa hesabu hiyo. Ghala la nyumbani ni jibu la bibi. Uwele na mtama hukaa muda mrefu kuliko mahindi, lakini nenda kaulize vijana wangapi wanautaka ugali wake.

Je, wajua kuna wazee waliodai mafao yao mpaka wengine wakafa wakidai? Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977. Wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege, wengi wakiwa wamemaliza ujana wao kwenye stesheni za Reli ya Kati, walikuwa na pensheni iliyoahidiwa na mwajiri ambaye sasa hayupo duniani. Nchi 3 zikagawana mali na madeni kwa mkataba wa 1984. Wazee wa Tanzania wakaendelea kupanda na kushuka ngazi za ofisi na mahakama, na wakati fulani walilala barabarani Dar es Salaam kuzuia magari. Makubaliano ya mahakamani ya kuwalipa shilingi bilioni 117 yalifikiwa 2005. Piga hesabu: aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ikivunjika, mwaka huo alikuwa na 78.

Je, wajua kwamba kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali Tanzania Bara hakukatwa hata senti kwa ajili ya pensheni yake? Hazina iliahidi tu kwamba ukistaafu utalipwa. Hakuna chungu kilichokuwa kinajazwa mahali popote. Mstaafu wa mwaka huu alilipwa kwa kodi ya mwaka huu. Mwaka 1999 ukaanzishwa mfuko wa PSPF, na watumishi wakaanza kuchangia. Sasa mchukue mwalimu aliyeajiriwa 1975 akastaafu 2005. Amechangia miaka 6, lakini mfuko unapaswa kumlipa kwa miaka yote 30. Ile 24 ya mwanzo ni deni la Hazina. Hazina ikachelewa kulipa, walimu wa namna hiyo wakawa maelfu kwa maelfu, na mfuko ukawa unawalipa wazee kwa michango ya vijana.

Deni hilo, ambalo kwenye taarifa huitwa "deni la kabla ya 1999", lilifika shilingi trilioni 4.6. Desemba 2021 serikali ikatoa hatifungani maalumu ya trilioni 2.17 kupunguza mzigo. Hatifungani hiyo haikuwa ya fedha taslimu. Kwa lugha ya dukani, ni kama mteja wa siku nyingi amekuja na kuandika upya jina lake kwenye daftari la madeni, safari hii kwa wino wa rangi nzuri na tarehe za kulipa. Sisemi kwa kejeli. Deni lenye tarehe ni bora mara mia kuliko deni lenye "tutaangalia".

Na je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dodoma, kile kinachoonekana kimetandazwa juu ya vilima mashariki mwa mji, kilijengwa kwa fedha za mifuko ya pensheni? Kilianza 2007. Mifuko iliikopesha serikali, majengo yakapanda kwa kasi iliyoshangaza, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akawa mwaka baada ya mwaka anaandika kwamba marejesho hayaji kama ilivyokubaliwa. Mtaniambia: lakini vijana wamesoma. Ndiyo, wamesoma, na wakiajiriwa watachangia mifuko hiyohiyo. Hoja hiyo naikubali nusu. Nusu nyingine ni ya nesi aliyestaafu Manyoni, ambaye hawezi kula jengo la utawala.

Je, wajua kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya mstaafu, kinavyofanya kazi? Watu wamekitukana, wabunge wamekipigia meza, viongozi wa wafanyakazi wamekisusia, lakini ukimuuliza mtu akupigie hesabu yenyewe anaanza kutafuta miwani. Njoo tupige pamoja.

Tuseme mtumishi anastaafu na mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na ya LAPF, mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, unachukua mshahara wa mwaka, milioni 12, unazidisha kwa miezi 360, unagawanya kwa 540. Unapata milioni 8: hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Nusu yake inageuzwa kuwa mkupuo, fedha ya mara moja, kwa kuzidishwa mara 15.5, na mzee anaondoka na shilingi milioni 62. Nusu iliyobaki analipwa kila mwezi: shilingi 333,333.

Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, wenye makao makuu hapahapa Dodoma. Zikaja kanuni za mkupuo wa asilimia 25. Kelele zikapaa, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaamuru kikokotoo cha zamani kiendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaanza kanuni ya asilimia 33. Kwa mtumishi wetu yuleyule sasa unagawanya kwa 580, na mkupuo unazidishwa mara 12.5. Pensheni kamili inashuka kuwa milioni 7.45 kwa mwaka, mkupuo unakuwa milioni 30.7, na ya kila mwezi inapanda hadi 415,862. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha mkupuo wa waliotoka PSPF na LAPF hadi asilimia 40: milioni 37.2 mkononi, na 372,414 kila mwezi.

Hapo ndipo penye uchungu. Ukilinganisha na kanuni ya zamani, mzee wetu amepungukiwa shilingi milioni 24.8 za mkupuo, akaongezewa 39,081 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo, anahitaji kuishi miezi 633 baada ya kustaafu. Ni miaka 52 na ushei. Akistaafu na 60, ajipange kufika 112.

Kwa hiyo mtumishi hakukosea kulalamika. Lakini naye mhasibu wa mfuko hakukosea. Mkupuo wa milioni 62 ulikuwa mtamu kwa sababu haukuwa na fedha za kutosha nyuma yake: mtumishi anachangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri 15, na hesabu ile ya zamani ilikuwa inatoa zaidi ya inachoingiza. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mwaka 1999, si 2018, akasema ukweli huo kabla wazee hawajaujengea nyumba kichwani.

Kwa wasiojua: mkupuo kwa mtumishi wa Tanzania si fedha ya starehe. Ni kiwanja alichoshindwa kujenga kwa mshahara, ni bati, ni ada ya mtoto wa mwisho, ni ng'ombe wa kuanzia. Anayemwambia "utalipwa kidogokidogo mpaka ufe" anamwambia jambo la busara la kifedha kwa mtu ambaye paa lake linavuja leo.

Je, wajua kwamba kati ya wanaofanya kazi Tanzania, wanaochangia mfuko wowote wa pensheni hawafiki mmoja kati ya kumi? Ugomvi wote huo wa kikokotoo ni wa hao wachache. Mama muuza mlenda wa soko la Majengo, mkulima wa zabibu wa Hombolo, mchoma mkaa wa Bahi, mchunga mbuzi wa Kondoa, hao kikokotoo chao ni watoto.

Ndiyo maana wilaya ya Chamwino ina nafasi yake katika historia ya hifadhi ya jamii Afrika. Je, wajua kwamba mwaka 2010, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, uliijaribu hapo ruzuku ya fedha kwa kaya maskini, pamoja na Bagamoyo na Kibaha? Vijiji 80 viliorodheshwa, na kwa kura 40 vikaanza kulipwa huku 40 vikisubiri, ili watafiti walinganishe. Wengi walibashiri kwamba fedha ya bure itaishia kilabuni. Matokeo yakaonyesha kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, watoto wao waliugua kidogo, na watu walinunua kuku na mbuzi. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba waliolipwa waliwaamini zaidi viongozi wa kijiji chao. Fedha ikitoka kwenye orodha iliyosomwa hadharani, mbele ya mkutano, fitina inakosa chakula.

Agosti 2012, Rais Kikwete akazindua mpango wa nchi nzima mjini Dodoma, wa kunusuru kaya maskini. Ndani ya miaka michache kaya zaidi ya milioni moja zilikuwa kwenye daftari.

Siku ya malipo kijijini unaitambua kabla hujafika ofisi ya mtendaji. Kuna mtu amekuja na karanga za kukaanga, mwingine na vocha, mwingine na madaftari ya watoto kwa sababu anajua wanunuzi wako wapi. Mabibi wamekaa chini kwenye kivuli, miguu wameinyoosha, kadi ya mlengwa imefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na kipande cha tumbaku. Jina likiitwa, bibi anafungua fundo taratibu, anatoa kadi, anabonyeza dole gumba kwenye wino, anahesabiwa noti, halafu anazihesabu mwenyewe upya huku karani akisubiri. Hakuna anayemharakisha.

Ni noti ngapi? Katika awamu hiyo ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi, 4,000 kwa kuwa na mtoto, na 2,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi anayehudhuria shule. Bibi anayelea wajukuu wawili wa shule alipata 18,000 kwa mwezi, hulipwa kwa miezi miwili pamoja: 36,000. Utafiti wa mapato na matumizi wa 2017/18 ulikadiria kwamba mtu mzima mmoja anahitaji 49,320 kwa mwezi ili asihesabiwe maskini. Yaani fedha ya watu watatu haikufika nusu ya mahitaji ya mmoja. Na bado kuku walinunuliwa.

Je, wajua nani alizilipa noti hizo? Sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa masharti nafuu wa Benki ya Dunia: dola milioni 220 mwaka 2012, na dola milioni 450 zilizoidhinishwa 2019 kwa awamu iliyofuata. Mkopo, si msaada. Atakayerejesha ni mlipakodi wa miaka ijayo, pengine mjukuu huyohuyo anayehesabiwa mahudhurio shuleni Chamwino. Kama ruzuku imemfikisha kidato cha nne, huenda hesabu ikalipa. Kama imeishia kumfikisha darasa la saba akarudi kuchunga, tumekopa kwa jina lake bila yeye kujua. Mimi ningependa kuona fungu la ndani likikua kila bajeti, hata kwa kidogo, maana jambo linaloendeshwa kwa saini ya mtu mwingine huweza kusimama siku akiishiwa wino.

Mwaka 2016 serikali iliondoa kwenye daftari kaya zaidi ya 50,000 zilizoitwa kaya hewa. Humo mlikuwa na waliofariki, waliohama, na wenye nafuu waliojipenyeza. Tanzania tuna kipaji cha hewa: watumishi hewa, wanafunzi hewa, sasa kaya hewa.

Je, wajua kwamba bima ya afya ya kijijini Tanzania ilianza kujaribiwa Igunga, mkoa wa Tabora, mwaka 1996? Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, ikatibiwa zahanati ya karibu. Serikali iliongeza shilingi kwa shilingi juu ya kila mchango, mpango ulioitwa kwa utamu "tele kwa tele". Mkoa wa Dodoma ukaja kuwa shamba darasa la mfumo ulioboreshwa, kwa msaada wa Waswisi kuanzia 2011. Mwaka 2018 mfumo huo ukapelekwa nchi nzima, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Dodoma pia ndiko ulikoanzia, 2014, utaratibu wa Jazia: zahanati ikikosa dawa Bohari ya Dawa, inanunua kwa mzabuni mmoja aliyechaguliwa kwa ajili ya mkoa. Maana ukweli ni huu: mkulima hawezi kulipia kadi mara ya pili kama mara ya kwanza aliandikiwa dawa akaambiwa akanunue mwenyewe duka la mbele.

Bima ina ugonjwa wake. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mzazi mwenye watoto watano alimkatia yule mmoja mwenye selimundu. Wale wanne wazima wakabaki kucheza mpira bila kadi. Ukiwa mzazi, hiyo ni akili timamu. Ukiwa mfuko, ni kifo cha polepole, kwa sababu bima huishi kwa michango ya wasiougua. Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, na kilio kikasikika kuanzia wodini mpaka bungeni.

Ndipo tarehe 2 Novemba 2023 Bunge, hapa Dodoma, likapitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulikuwa umefikishwa mwaka uliotangulia ukarudishwa, na swali kubwa lilikuwa lilelile la kambi yetu: wasio na uwezo atawalipia nani? Sheria imetaja vyanzo, miongoni mwao kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo kijana wa Nkuhungu ambaye mkeka wake umechanika Jumamosi usiku ajifariji: huenda amemchangia bibi yake dawa ya presha. Kasoro ninayoiona ni moja. Kodi ya maovu inakua pale maovu yanapokua.

Je, wajua kwamba ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ni tarakimu ya tangu mpango wa elimu wa 2002? Wakati huo ilikuwa kama dola 10. Leo haifiki dola 5. Hakuna aliyeipunguza, imepunguka ikiwa imekaa palepale, na huo ndio upunguzaji usio na maandamano.

Je, wajua kwamba Zanzibar imetutangulia? Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70, awe alikuwa waziri au mvuvi, analipwa pensheni jamii na serikali yenyewe, bila mfadhili. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa baadaye hadi 50,000. Kenya ilianza ya kwake kwa wazee wa miaka 70 mwaka 2018. Tanzania Bara tunayo sera ya wazee tangu 2003, ila pensheni ya wote bado. Wakubwa husema fedha haitoshi. Visiwa vya karafuu vilisema hivyohivyo, kisha vikaanza na kidogo.

Je, wajua kwamba kwa umri tuko upande wa neema? Japani karibu watu 3 kati ya 10 wana miaka 65 au zaidi, na vijana wanaolipa ni wachache. Kwetu, sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na zaidi ya 4 kati ya 10 hawajafika miaka 15. Wenye miaka 60 na kuendelea ni kama 6 katika kila 100. Huu ndio wakati wa bei nafuu wa kuanza pensheni ya wazee: walaji wachache, walipaji wanakuja. Lakini watoto hao hawatabaki watoto. Aliyezaliwa Mpwapwa mwaka wa sensa atagonga 60 mwaka 2082, pamoja na mamilioni ya rika lake, na mtu wa kumlipa hajazaliwa.

Je, wajua kwamba mfuko unaolipa fidia haraka kuliko yote Dodoma hauko kwenye sheria yoyote? Ni kikundi cha kufa na kuzikana. Msiba ukitokea saa nne usiku, kufikia alfajiri sufuria zimefika, turubai limefungwa, mweka hazina ameshatuma fedha ya jeneza. Asiyechangia anajulikana kwa jina. Ila kikundi hakina fungu la kumlisha mzee akiwa hai.

Na la mwisho, hili ni lako wewe mwenye ajira. Je, wajua kwamba ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unahitaji michango ya miezi 180? Ukipungua hapo unapewa mkupuo mmoja na habari yako inaishia hapo. Mfuko hauhesabu miezi uliyofanya kazi, unahesabu miezi iliyolipiwa, na wapo waajiri wanaokata kwenye mshahara bila kupeleka. Kabla hujafunga gazeti hili, chukua simu, omba taarifa ya michango yako, uhesabu mwenyewe mpaka 180. Ukikuta pengo, lidai sasa, wakati mwajiri wako bado yupo.